Kadi ya Kliniki ya Ng'ombe



Jumatano moja jioni, baada ya mazoezi ya kwaya ya akina mama, mwenzetu mmoja alituvuta kando nje ya kanisa la Mkunazini. Alikuwa na bahasha mkononi na uso wake haukuwa wa furaha. Binti yake wa kwanza alikuwa amechaguliwa kujiunga na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kule Morogoro, kusomea sayansi ya wanyama. Msichana alikuwa haishi kuimba nyumbani, na mama mtu alikuwa hajalala usiku wa pili.

"Mama Nesi," alituambia, "nimekaanga vitumbua pale Darajani miaka kumi na miwili ili mtoto huyu asome. Leo aje kushika mikia ya ng'ombe? Zungumza naye, wewe anakusikiliza. Mwambie aombe unesi, kama wewe."

Jibu la chuo lilitakiwa wiki ile ile. Tulikubali kazi hiyo, tena kwa haraka, maana hakuna mtu asiyependa kuambiwa kwamba kazi yake ndiyo ya kuigwa. Siku ya pili yake msichana akaja nyumbani. Tulimkaribisha chai, tukamweleza yote tuliyoyapanga: kwamba unesi una heshima, kwamba mwanamke anaweza kuufanya na bado akalea nyumba yake, na kwamba mazizini ni mahali pa wanaume. Alitusikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama, naomba nami niulize jambo moja."

Hiki ndicho alichotusimulia.

Swali la ng'ombe wa bibi

Bibi yake anakaa Kiboje. Miaka kadhaa iliyopita alinunua mtamba chotara, nusu ng'ombe wa kizungu na nusu ng'ombe wetu wa kienyeji. Alipozaa alitoa maziwa ambayo bibi hakuwahi kuyaona katika maisha yake. Maziwa hayo ndiyo yaliyolipa sare na daftari za msichana huyu alipokuwa skuli. Ng'ombe akazaa ndama jike kwa fahali wa jirani, naye pia chotara. Nyumba nzima ilifurahi. Si tunasema mtoto wa nyoka ni nyoka? Basi mtoto wa ng'ombe wa maziwa ni ng'ombe wa maziwa.

Ndama akakua, akazaa, akakamuliwa, na maziwa yakawa kama nusu ya yale ya mama yake. Majani ni yale yale, pumba ni ile ile na mkamuaji ni yule yule. Bibi akasema ni jicho la watu. Jirani akasema bibi hajui kulisha. Tangu hapo hawasalimiani vizuri.

"Kwa nini binti hakumfuata mama yake?" msichana akatuuliza. "Nimeuliza watu wengi, Mama, na hakuna aliyenijibu. Ndiyo maana nataka kwenda."

Nasi hatukuwa na jibu. Tumefanya kazi ya uuguzi zaidi ya miaka ishirini na tunajua mengi juu ya watoto wa watu, lakini swali lile lilitushinda. Tukamwomba siku chache, tukaenda kumwuliza bwana mifugo tunayemfahamu, naye akatupa vya kusoma. Leo tunataka tugawane nanyi tuliyoyapata, kwani wengi wenu mna ng'ombe au mbuzi nyuma ya nyumba, na wengi mna mabinti.

Nguvu ya chotara

Kila mnyama huchukua nusu ya urithi wake kwa baba na nusu kwa mama. Wazazi wakitoka koo mbili zilizo mbali, kama ng'ombe wa Ulaya na ng'ombe wetu wenye nundu, mtoto wao hupata zaidi ya hayo. Kasoro iliyofichika upande mmoja hufunikwa na uzima wa upande wa pili. Kwa hiyo chotara wa kwanza huwa na nguvu ya pekee: hukua haraka, huzaa mapema na hutoa maziwa mengi. Lakini chotara akipandwa na chotara, sehemu ya kifuniko kile huondoka. Kwa wastani nusu ya nguvu ile ya pekee hupotea katika kizazi cha pili. Zaidi ya hapo ndama hawalingani tena: mmoja atapata bahati ya pande zote mbili na mwenziwe atakosa.

Hivyo basi, bibi wa Kiboje hakurogwa, wala hatuna haja ya kudhani kwamba alimnyima ng'ombe wake chakula. Huenda yalikuwapo na mambo mengine, kwani maziwa yana sababu nyingi, lakini kushuka kwa namna hiyo ni jambo linalotarajiwa na wataalamu. Mwaka 1987 Patrick Cunningham wa Ireland na Ola Syrstad wa Norway, katika kitabu kilichotolewa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), walikusanya matokeo ya machotara kutoka nchi nyingi za joto. Waliona kwamba maziwa huongezeka kadiri damu ya kizungu inavyoongezeka mpaka kufikia nusu. Kupita hapo, katika mazingira yetu, faida haiongezeki tena, na ng'ombe huwa dhaifu zaidi mbele ya joto na maradhi.

Mara ngapi mama anauza kila alicho nacho anunue ng'ombe wa kizungu mtupu, akidhani kama nusu ni nzuri basi kamili ni nzuri zaidi!

Mwanamke mmoja na kazi yake

Tulipokuwa tukisoma tulikutana na jina la mwanamke, na hapo tukaona aibu kidogo kwa yale tuliyomwambia msichana kwamba mazizini ni mahali pa wanaume. Jina lenyewe ni Dokta Julie Ojango wa Kenya. Alifundisha katika Chuo Kikuu cha Egerton, baadaye akawa mtafiti wa uzalishaji wa mifugo katika Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI) huko Nairobi. Shahada yake ya udaktari aliipata mwaka 2000 katika Chuo cha Wye, kilichokuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha London.

Je, alikwenda Uingereza kusoma habari za ng'ombe wa Waingereza? Alikwenda na swali la kwao. Kenya, kama sisi, imekuwa ikinunua mbegu za mafahali wa nje. Mbegu huja zimegandishwa kwenye vijirija vyembamba, ndani ya mtungi wa naitrojeni wenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, pamoja na karatasi inayosema fahali huyu ni wa ngapi kwa ubora kwao. Yeye akauliza: je, aliye wa kwanza Uingereza ni wa kwanza pia akija kwetu?

Akachukua kumbukumbu za ng'ombe wa Friesian katika mashamba makubwa ya Kenya, akaangalia maziwa yao na uzazi wao, kisha pamoja na mwalimu G. E. Pollott akalinganisha mafahali ambao mabinti wao walikamuliwa Uingereza na pia Kenya. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001 na 2002. Orodha mbili zile hazikufanana vizuri. Fahali aliyeshika nafasi ya juu kule hakuwa lazima aliye bora huku, kwani mabinti wake huku wanakula majani mengine, wanavumilia jua lingine na wanapigana na kupe. Kwa maneno mengine, hakuna mnyama aliye bora kila mahali. Ni lazima apimwe pale atakapoishi.

Jambo hilo hilo limeonekana kwa kondoo, tena pwani kama hapa kwetu. Kati ya mwaka 1991 na 1996, kule Diani kusini ya Mombasa, watafiti walilinganisha kondoo wekundu wa Kimasai na kondoo wa Dorper, ambao asili yao ni Afrika Kusini na ambao ni wakubwa na wazuri wa kutazama. Katika unyevunyevu wa pwani minyoo iliwashambulia wote, lakini kondoo wa Kimasai waliistahimili zaidi na wana-kondoo wao walikufa wachache. Yule mdogo aliyedharauliwa ndiye aliyekuwa na faida kwa mwenyewe.

Fahali hatoi maziwa

Sasa, kazi ya mtaalamu wa namna hii ni nini hasa? Mama wa msichana alidhani ni kushika mikia. Sisi tumeona inafanana sana na kazi yetu ya kliniki ya watoto.

Ninyi nyote mnaijua ile kadi. Mtoto akipimwa uzito mara moja tu, nesi hajui mengi. Akipimwa kila mwezi, nukta zile zikaungwa kwa mstari, ndipo mstari unaposema kama anakua au anadhoofika. Mtaalamu wa uzalishaji wa mifugo anaweka kadi ya namna hiyo kwa ng'ombe: baba yake nani, mama yake nani, alizaliwa lini, alizaa lini, alitoa lita ngapi, aliugua nini. Ila yeye haishii kwa mtoto mmoja. Anasoma kadi za mama, binti na mjukuu pamoja, kwa maelfu, mpaka aone ni kipi kilichotokana na chakula na ni kipi kilichotokana na urithi.

Na inahitaji subira kubwa, kwa sababu fahali hatoi maziwa. Ubora wake huonekana kwa mabinti zake tu. Hesabuni wenyewe: mbegu ikitolewa leo, mimba miezi tisa, binti azaliwe, akue, apate mimba naye, azae akiwa na miaka kama mitatu hivi, kisha akamuliwe miezi kumi. Imepita miaka minne na nusu au mitano kabla ya mtu kusema, "Fahali huyu alikuwa mzuri." Mtafiti anayefanya kazi miaka thelathini ataona vizazi sita hivi. Hata Yakobo, katika kitabu cha Mwanzo, alikaa miaka mingi kwa Labani akichagua wanyama wenye nguvu kwa ajili ya kuzaa.

Hapa Tanzania tuna mfano wetu. Kule Mpwapwa wataalamu, akiwamo H. G. Hutchison, walifanya kazi miaka mingi kuchanganya ng'ombe wa kienyeji na Sahiwal na Red Sindhi wa Bara Hindi pamoja na damu kidogo ya Ulaya, ili apatikane ng'ombe wa maziwa na nyama anayestahimili ukame. Nia ilikuwa kuchagua vizazi kwa vizazi mpaka mchanganyiko utulie uwe ukoo mmoja. Ukoo huo ulitambuliwa mwaka 1958 kwa jina la ng'ombe wa Mpwapwa.

Siku hizi njia imefupishwa kidogo. Tangu mwaka 2016 mradi wa ILRI ulioongozwa na mtafiti wa Kenya, Okeyo Mwai, ulianza kukusanya Tanzania na Ethiopia kumbukumbu za ng'ombe wa wafugaji wadogo, wenye ng'ombe mmoja au wawili kama bibi yetu. Maziwa yanapimwa, taarifa zinatumwa kwa simu, na nywele za ng'ombe zinachukuliwa ili vinasaba vyake visomwe. Kwa njia hiyo ubora wa ndama unaweza kukisiwa akiwa bado mchanga. Lakini vinasaba bila kadi ni herufi zisizo na maana. Lazima pawepo mtu aliyeandika lita.

Ng'ombe wa baba yetu

Tulipokuwa tukisoma hayo yote, tulikumbuka jambo la nyumbani kwetu.

Mwaka 1989, tukiwa darasa la tatu, baba yetu alileta kutoka bara ng'ombe mweusi na mweupe. Shamba letu lilikuwa upande wa kusini, si mbali na msitu wa Jozani. Alitumia akiba yake yote. Sisi watoto tulimpa jina Neema, tukawa tunagombania kumkatia majani. Baada ya miezi michache Neema alianza kukonda. Macho yakatoka maji, miguu ikakosa nguvu, mimba ikatoka. Alipokufa baba alikaa kizingitini mpaka magharibi bila kusema neno. Hakufuga ng'ombe tena, na mwaka uliofuata kaka yetu mkubwa aliacha skuli kwa kukosa ada.

Neema aliuawa na nagana, ugonjwa uletwao na mbung'o. Alikuwa mzuri sana, ila nchi ile ilikuwa bado haijawa tayari kumpokea. Hakuna aliyemwambia baba.

Baadaye nchi iliandaliwa. Kwanza ng'ombe walipakwa dawa na vitambaa vyenye dawa vikatundikwa, mbung'o wakapungua lakini hawakwisha. Kuanzia mwaka 1994 serikali, pamoja na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki (IAEA), zikaachia madume tasa. Walifugwa kituo cha utafiti cha Tanga, wakapigwa mionzi iliyoharibu mbegu zao, wakamwagwa kwa ndege ndogo juu ya kisiwa. Jike wa mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja katika maisha yake, na huzaa mtoto mmoja mmoja. Akimpata dume tasa, uzao wake umekwisha. Madume karibu milioni 8 waliachiwa. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996, na mwaka 1997 Unguja ilitangazwa kuwa haina mbung'o tena.

Mwaka 1985 wakulima wadogo wa Unguja waliokuwa na ng'ombe walioboreshwa walikuwa 2 tu kwa mia. Mwaka 2002 walikuwa 24 kwa mia. Ng'ombe wa bibi wa Kiboje ni miongoni mwa wale waliokuja baada ya njia kusafishwa.

Jibu letu kwa mama

Tulikwenda kwa mwenzetu siku moja kabla ya tarehe ya mwisho. Tulimkuta akichambua mchele. Tukamwambia wazi kwamba kazi aliyotutuma imetushinda, na kwamba sisi wenyewe tumebadilika. Tukamsimulia habari za Neema, ambazo katika miaka yote ya urafiki wetu hatukuwahi kumwambia.

Alikaa kimya. Kisha akauliza swali ambalo kila mama angeuliza: "Na akienda, atarudi?"

Hatukuweza kumwahidi. Watoto wanaosoma huenda mbali, nasi hatupendi kumpa mtu ahadi tusiyoweza kuitimiza. Tulimwambia tu kwamba swali analoondoka nalo ni la Kiboje, na mtu huelekea kurudi pale alipoacha swali lake. Akafuta mikono kwenye khanga, akaomba kalamu. Hakuwa na furaha, lakini alitia saini.

Mambo ya kuanza nayo nyumbani

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Mama mwenye ng'ombe, hata mmoja, anunue daftari la kawaida na kuandika haya:

1. Jina la ng'ombe, tarehe ya kuzaliwa, na mama yake.

2. Baba yake. Mkihimilisha, andikeni jina na namba ya fahali iliyo kwenye mrija kabla haujatupwa. Mkitumia fahali wa jirani, andikeni ni yupi, na msimwache fahali apande mabinti zake mwenyewe.

3. Tarehe ya kupandwa na tarehe ya kuzaa.

4. Maziwa ya asubuhi na ya jioni, kwa chombo kile kile kila siku.

5. Maradhi, dawa na chanjo.

Kabla ya kununua ng'ombe, ulizeni ana damu ya kizungu kiasi gani, mama yake anatoa lita ngapi, na alikuwa akiishi wapi. Asiyeweza kujibu hayo anawauzia rangi tu. Nasi kama wauguzi hatuwezi kuyaacha maziwa bila kuwakumbusha: chemsheni mpaka yatokote kabla ya kunywa, na mtoto mchanga hadi miezi sita apewe maziwa ya mama yake peke yake.

Msichana ameshaondoka. Tulimsindikiza bandarini na mama yake, na boti ilipong'oa nanga mama alilia, nasi tukalia naye. Kabla ya kwenda alipita Kiboje, akamwachia bibi daftari lenye jalada la bluu. Bibi hajui kuandika. Mjukuu mdogo wa darasa la nne ndiye anayeandika lita kila jioni, na tumeambiwa kwamba yule jirani mwenye fahali amekuja kuuliza kama naye anaweza kupata daftari kama lile.

Hadi mwezi ujao, tunawatakia amani nyumbani kwenu.